Ndoa Inapopita Katika Taabu



Siku ya harusi mliahidi uaminifu katika raha na taabu. Sisi wa Kiamaiko taabu tunaijua. Mbuzi wakiwa wachache sokoni, mchinjaji hurudi nyumbani mikono mitupu, na mama muuza matumbo hukosa cha kuuza. Aprili 2024 mto Mathare ulifurika, na mwezi uliofuata nyumba za kando yake zikabomolewa. Wengi walianza upya na godoro na sufuria.

Mara nyingi si umaskini wenyewe unaovunja ndoa. Ni bwana kuficha alichopata, bibi kuficha deni, na wote wawili kununiana.

Tujifunze kwa Cyprien na Daphrose Rugamba wa Rwanda, waliofunga ndoa mwaka 1965. Cyprien, mtunzi wa nyimbo na mashairi, alikuwa ameiacha imani, na kwa miaka mingi mkewe aliumia huku akisali. Mwaka 1982, baada ya kuugua, Cyprien alimrudia Mungu, na nyumba yao ikapata amani. Mwaka 1990 walianzisha Jumuiya ya Emmanuel nchini mwao, wakawasaidia watoto wa mitaani wa Kigali. Tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, waliuawa pamoja na watoto wao 6. Mwaka 2015 Kanisa lilianza kuchunguza maisha yao ili watangazwe wenyeheri.

Tazameni: imani haikuwaondolea taabu. Iliwafanya waibebe pamoja, na bado wakawa na nafasi ya watoto wa wengine.

Lakini tuelewane: kuvumilia shida si kuvumilia kipigo. Anayepigwa atafute kwanza mahali salama, kisha amwone paroko. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi aliye hatarini kuishi mbali.

Zoezi la juma hili: watoto wakishalala, wekeni mezani pesa zote mlizo nazo, hata kama ni shilingi 50, na mtaje madeni yote. Pangeni pamoja kodi, unga na karo, bila kulaumiana. Malizieni kwa Baba Yetu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni jambo gani ninalomficha mwenzangu kwa kuogopa ugomvi?
2. Katika shida zetu, ni jirani gani tunayeweza kumsaidia?

Mungu azibariki nyumba zenu.