Kupanga Kazi ya Familia Msimu kwa Msimu



Tunapokaa katika vikundi vya mazungumzo huku Lubero, Butembo au Beni, tunaanza na usalama na chakula. Kisha mzazi mmoja huinua mkono na kuuliza: "Huyu kijana wangu ajifunze kazi gani?" Swali hilo ni zito. Shamba limebaki nyuma, diploma imebaki ndani ya nyumba iliyochomwa, na kijana wa miaka 18 anakaa kutwa kando ya barabara. Wanaotafuta vijana wa kuwapa silaha wanajua mahali anapokaa. Kwa hiyo somo hili ni la amani, ingawa tutazungumza sana juu ya cherehani, viazi na simu.

Jambo tunalotaka mjadili ni hili: mahali ambapo kazi zinabadilika kila mara, familia isichague kazi moja na kuitegemea kwa miaka kumi. Ipange kama mkulima, msimu kwa msimu, ikijua kwanza ina mbegu gani ghalani.

Tuliyoyaona wakati wa Riposte

Wengi mnakumbuka. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo wa karibu miaka miwili, kazi ziliingia Mangina, Beni na Butembo kwa wingi ambao hatukuwa tumeuzoea. Walitafutwa madereva, walinzi, wapima joto barabarani, wahamasishaji, watu wa kuzika kwa usalama, hata nyumba na magari ya kukodisha. Kazi zote hizo tuliziita kwa jina moja: Riposte.

Walimu waliacha darasa. Maseremala walifunga karakana. Siwalaumu, kwa maana malipo yalipita kwa mbali yale waliyozoea, na mtu mwenye watoto hawezi kukataa. Lakini ugonjwa ulipokwisha, kazi nazo zilikwisha. Aliyekuwa amenunua msumeno, pikipiki au shamba kwa pesa ya Riposte alibaki na kitu. Seremala aliyekuwa ameendelea kupokea oda mbili tatu Jumamosi alikuta wateja wake bado wanamjua. Aliyeacha kabisa alianza upya, na wateja walikuwa wamehamia kwa mwingine.

Mwaka 2025 jambo hilo lilirudi kwa namna nyingine. Serikali ya Marekani ilisimamisha na kufuta sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na mashirika mengi nchini mwetu yalifunga miradi au yakapunguza wafanyakazi. Mwezi wa Januari mwaka huo huo mji wa Goma ulitekwa na M23, mabenki yakafunga milango, na watu waliokuwa na mshahara kwenye akaunti walikosa noti ya kununua unga. Mimi pia ninaishi kwa mkataba wa mradi. Nawaambia wazi: kazi ya mradi ukiipata ipokee, lakini tarehe yake ya mwisho imeandikwa tayari kwenye karatasi uliyotia sahihi.

Wala si misaada pekee inayopanda na kushuka. Wakulima wa kakao wa Beni wanajua. Mwishoni mwa mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 12,000 kwa tani moja, halafu katika mwaka 2025 ikaanguka sana. Mtu aliyekopa wakati wa bei ya juu alilipa deni wakati wa bei ya chini.

Mbegu mliyo nayo

Mkulima aliyekimbia kutoka Rutshuru akiulizwa anajua kazi gani, hujibu: "Mimi sijui kitu, ni mkulima tu." Jibu hilo si kweli. Anajua kuchagua viazi vya mbegu na kuviweka mpaka vichipuke. Anajua kutunza maharage yasiliwe na wadudu. Anajua kukadiria gunia kwa macho na kubishana bei. Mfugaji wa Masisi anajua maziwa, na pengine anajua kutengeneza jibini. Mvuvi wa Vitshumbi anajua kushona nyavu, na mikono inayoshona nyavu haikawii kujifunza kushona maturubai na viti vya magari.

Kwa hiyo kaeni jioni moja, baba, mama na vijana pamoja, mkiwa na karatasi. Andikeni yale ambayo mikono ya kila mmoja inajua, hata yale msiyoyaita kazi. Andikeni watu mnaowajua katika mji huu: ndugu, mtu wa kanisa au wa msikiti, mteja wa zamani aliyekuwa akinunua mazao yenu. Mama asiachwe nyuma katika zoezi hili. Mara nyingi ni yeye aliyeanza kuleta pesa nyumbani baada ya kukimbia, kwa kuuza sombe au kwa kufua, na ndiye anayejua bei za soko za wiki hii.

Andikeni pia vyeti. Cheti kikiwepo, kipigeni picha kwa simu na kuituma kwa ndugu wawili wanaokaa mahali tofauti. Kikiwa kimepotea, mtafuteni mwalimu mkuu wa shule ile, maana shule nyingi zimehama pamoja na watu wake, mwombeni ushuhuda kwa maandishi, kisha mwulizeni njia ya kufuata kwa mkaguzi wa elimu. Kwa kazi za mikono kama umeme, ujenzi na ufundi wa magari, ipo taasisi ya serikali iitwayo INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964. Fundi aliyejifunza kwa mjomba wake, bila shule, aende kuuliza ni kwa njia gani ujuzi wake unaweza kupimwa.

Liulizeni soko kabla ya kuuliza mradi

Miradi mingi hupenda cherehani. Mashine ile hupigwa picha vizuri. Lakini wasichana ishirini wakimaliza mafunzo siku moja katika kituo kimoja kidogo, wote ishirini watagombania sare zile zile za wanafunzi mwezi wa Septemba, na kuanzia Oktoba watakaa. Sisemi ushonaji ni kazi mbaya. Nasema ishirini ni wengi. Kati yao, wawili wangejifunza kutengeneza mashine zenyewe zinapoharibika, mmoja angeuza nyuzi, vifungo na zipu, wengine wangeshona mifuko na matandiko.

Kabla ya kuchagua, kijana aende sokoni siku tatu tofauti, na moja iwe siku ya soko kubwa. Asiende kuomba kazi. Aende kutazama na kuuliza. Watu wananunua nini kila siku, hata wakiwa hawana pesa nyingi? Ni kitu gani wanakitafuta na kukikosa? Kikiharibika, wanakipeleka wapi, na wanangoja siku ngapi? Hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua macho kuliko zote. Mahali watu wanapongoja siku nne ili redio, paneli ya jua au pikipiki itengenezwe, kuna nafasi ya fundi mmoja zaidi.

Simu na pesa za simu, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, zimeleta kazi ambazo babu zetu hawakuzijua: kuchaji, kutengeneza, kuuza vocha, kutoa na kupokea pesa. Vijana wanazikimbilia, na ni haki yao. Lakini kibanda cha pesa kinahitaji mtaji unaokaa bila kuliwa, na mwenye kibanda hurudi nyumbani usiku akiwa na noti mfukoni. Mahali penye wizi wa silaha, familia ifikirie mara mbili.

Hatua moja kwa msimu

Katika milima yetu tunapanda mara mbili kwa mwaka: msimu wa A unaanza Septemba, msimu wa B unaanza Februari au Machi. Tumieni hesabu hiyo hiyo kwa kazi. Kila msimu uwe na hatua moja inayoweza kuonekana, na mwisho wake mkae tena na karatasi yenu.

Tuseme familia ina baba, mama, kijana na msichana. Msimu wa kwanza baba anafanya kibarua cha shamba, kwa sababu tumbo halingoji. Mama anauza mboga na anaingia katika chama cha kuweka na kukopeshana, kile tunachokiita AVEC, hata kama anaweka kidogo sana. Kijana anakaa asubuhi kwa fundi wa paneli za jua, na mchana anabeba mizigo. Msichana anarudi darasani. Msimu wa pili, mkopo mdogo wa AVEC unanunua vifaa vya kwanza vya kijana: bisibisi, koleo, kipima umeme. Wakigundua kwamba katika mtaa ule mafundi wa paneli wamekwisha kuwa saba, wanabadilisha, na hawajapoteza ila miezi sita. Wakilazimika kukimbia tena, Mungu apishe mbali, vifaa hivyo vinaingia katika mfuko mmoja na ujuzi unakwenda na mtu.

Jambo la kuangalia: watu wote wa nyumba moja wasitegemee mlango mmoja. Mmoja alete cha leo, mwingine ajifunze cha kesho. Na mtoto asipelekwe kwenye machimbo kwa sababu huko pesa inapatikana upesi. Sheria ya Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza kumtumia mtoto katika kazi za hatari.

Kibarua na wenyeji

Hapa ndipo magomvi yanapozaliwa, na viongozi wasome kwa makini. Familia mia tatu zikiingia katika kijiji, wenye kutafuta kibarua huongezeka kwa siku moja, lakini mashamba hayaongezeki. Tuseme mwenyeji alikuwa akilipwa franka 3,000 kwa siku. Mkimbizi mwenye njaa anakubali 1,500. Mwenye shamba anafurahi. Kibarua wa zamani anakosa kazi, na hamwoni mwenye shamba kuwa mwenye kosa, anamwona mgeni. Baada ya wiki chache mnasikia maneno ya kabila. Ukichimba chini ya maneno hayo, mara nyingi unakuta bei ya siku moja ya kulima.

Dawa yake ni kukaa pamoja mapema, kabla ya msimu wa kupanda. Shefu wa mtaa, kamati ya wakimbizi, wenye mashamba makubwa na wawakilishi wa vibarua wenyeji, akina mama wakiwemo, wapatane bei isiyoshushwa kwa yeyote, na namna ya kugawana siku za kazi. Mapatano hayo hayana nguvu ya sheria. Nguvu yake ni aibu: atakayeyavunja, kila mtu atajua. Tumeona pia kwamba AVEC yenye wenyeji na wakimbizi katika sanduku moja hupunguza fitina, kwa kuwa mwenyeji hapendi kumfukuza mtu ambaye mkopo wake bado haujarudi.

Mapatano kama hayo yanahitajika kwa mwanafunzi wa fundi. Familia ya wakimbizi haina pesa ya kumlipa fundi, basi kijana analipa kwa kufanya kazi. Hilo si baya, lakini muda usipotajwa, kijana atafagia karakana miaka miwili bila kushika chombo. Andikeni karatasi moja mbele ya shefu: atajifunza nini, kwa miezi mingapi, atakula wapi, ataanza kulipwa lini, na siku ya mwisho atapewa nini. Fundi atie sahihi, mzazi naye, na kila mmoja abaki na nakala.

Onyo kwa wanaotafuta kazi

Mtu akikuomba pesa ili akuandikishe kazini, hiyo si kazi. Na mtu akimwomba msichana au mama mwili wake ili ampe kazi, huo ni uhalifu. Jambo hilo lilitokea kwetu wakati wa Riposte: mnamo Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, ilitoa ripoti ya wanawake wengi walioombwa ngono ili wapewe ajira, na baadhi ya walioshutumiwa walikuwa wafanyakazi wa OMS yenyewe. Viongozi wa kamati, msiwaambie waathirika wanyamaze ili mradi usiondoke. Ulizeni kila shirika linapofika: malalamiko yanapelekwa kwa nani, na kwa njia gani ambayo haipiti kwa yule yule anayetoa kazi?

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kila mmoja ataje jambo moja ambalo mikono yake inajua na ambalo hajawahi kulipwa kwalo. Je, kuna mtu hapa anayelihitaji?

2. Katika soko letu, ni kitu gani kikiharibika watu hungoja siku nyingi kutengenezewa?

3. Bei ya kibarua cha siku katika kijiji hiki ilikuwa ngapi kabla ya familia kuingia, na sasa ni ngapi? Nani amefaidika, nani amepoteza?

4. Msimu unaofuata utaanza lini, na ni nani atakayewaita wenye mashamba na kamati kukaa pamoja kabla ya siku hiyo?