Kompyuta ya Nyumbani Isiyo na Kelele na Isiyokula Umeme: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Familia nyingi hununua kompyuta mara moja katika miaka mingi, tena kwa fedha zilizowekwa akiba kidogo kidogo. Mnunuzi huuliza bei, huuliza ukubwa wa diski, kisha huondoka na mzigo wake. Maswali mawili husahaulika: kompyuta hii itakula umeme kiasi gani kila mwezi, na itapiga kelele kiasi gani katika chumba ambamo mtoto mmoja anasoma na mwingine amelala? Katika somo hili tunaeleza namna ya kuyajibu maswali hayo kabla ya kulipa.

Kazi kwanza, nguvu baadaye

Kuandika barua, kutunza hesabu za duka, kusoma masomo kwa intaneti, kutazama video na kuzungumza na ndugu walio mbali ni kazi nyepesi. Hazihitaji kadi ya picha ya pekee, ambayo hukusudiwa michezo mikubwa na uhariri wa filamu. Kadi hiyo hutumia umeme hata isipopewa kazi kubwa, na aghalabu huja na feni yake. Asiyeihitaji hulipia mara tatu: dukani, kwenye mita na masikioni.

Kwa kazi tulizotaja, prosesa ya aina inayowekwa katika kompyuta mpakato inatosha. Prosesa nyingi za mezani hupangiwa kiwango cha joto cha wati 65, ilhali nyingi za mpakato hupangiwa wati 15, na Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, imepangiwa wati 6. Prosesa kama hizo ndizo huwekwa katika kompyuta ndogo za kisanduku, ambazo hukaa nyuma ya skrini bila kuonekana.

Hesabu ya uniti

Uniti moja ya umeme ni sawa na wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Tuchukue mfano wa kompyuta kubwa inayotumia wati 100 na ndogo inayotumia wati 15, kila moja ikiwashwa saa 6 kwa siku. Kwa siku 30, ya kwanza itakula uniti 18, na ya pili uniti 2.7. Tofauti ni uniti 15.3 kwa mwezi, yaani takriban uniti 184 kwa mwaka. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya uniti unayolipa wakati wa kununua umeme wa LUKU, nawe utajua kama bei ya kompyuta ndogo itarudi, na kwa muda gani.

Usikubali hesabu ya muuzaji bila kupima. Namba iliyoandikwa kwenye pawa saplai, kwa mfano wati 500, ni kiwango cha juu inachoweza kutoa. Haionyeshi kile kinachotumika kila saa. Kompyuta ya ofisi iliyotumika, isiyo na kadi ya picha, yaweza kutumia wati 20 hadi 40 tu katika kazi nyepesi, na ikawa chaguo jema kwa bei nafuu.

Kipimo chawezekana nyumbani. Mita nyingi zina taa ndogo inayomweka, na kando yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, maana yake taa humweka mara 1,000 kwa kila uniti. Zima vifaa vyote, jokofu likiwamo, uache kompyuta na skrini yake. Hesabu mimweko kwa nusu saa, kisha zidisha kwa 2. Kwa mita ya namba hiyo, mimweko 20 ni wati 40.

Kelele hutoka wapi

Kelele hutoka kwenye vitu vinavyozunguka: feni na diski ya zamani yenye sahani ndani. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Haina mlio, hutumia umeme kidogo, na huharakisha kompyuta kuukuu. Kwa feni, kubwa ni bora kuliko ndogo: feni ya sentimita 12 husukuma hewa ileile kwa mwendo wa polepole kuliko ya sentimita 8, hivyo huvuma kidogo.

Zipo pia kompyuta zisizo na feni kabisa, ambazo kasha lake la chuma ndilo linalotoa joto. Hizi ni tulivu, lakini zinahitaji nafasi ya hewa. Ukiifungia ndani ya kabati katika chumba chenye joto, prosesa itajipunguzia kasi ili isiungue, nawe utadhani umeuziwa kompyuta mbovu.

Ukinunua pawa saplai peke yake, tafuta alama ya 80 PLUS. Alama hiyo ya msingi humaanisha kwamba haipotezi zaidi ya asilimia 20 ya umeme ikibeba asilimia 20, 50 au 100 ya uwezo wake. Umeme unaopotea hugeuka joto, na joto ndilo linaloamsha feni.

Faida wakati umeme unapokatika

Betri ya volti 12 yenye ukubwa wa Ah 100 hubeba takriban wati-saa 1,200. Tukitumia nusu tu ili isiharibike mapema, tunabaki na 600. Kompyuta na skrini zikitumia jumla ya wati 35, ni saa 17 kwenye karatasi. Zikitumia wati 120, ni saa 5. Inveta hupunguza kiasi fulani, lakini tofauti hubaki kubwa. Kwa nyumba yenye sola, tofauti hiyo huamua kama mwanafunzi atasoma usiku au atalala mapema.

Kabla ya kutoa fedha

Tunamshauri mnunuzi afanye yafuatayo:

1. Aombe kompyuta iwashwe mbele yake kwa angalau robo saa, asikilize feni na kugusa joto la kasha.
2. Aangalie kama diski ni SSD na kama ukubwa wake ni ule uliotajwa.
3. Aulize kama itakubali Windows 11, kwani huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Isipokubali, Linux inaweza kumfaa.
4. Adai risiti na dhamana iliyoandikwa, yenye muda na masharti. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Mwisho, aliye na kompyuta inayofanya kazi asikimbilie kununua nyingine. Aifute vumbi ikiwa imechomolewa kwenye umeme, aondoe kadi ya picha isiyohitajika iwapo kompyuta ina njia nyingine ya kuunganisha skrini, na abadilishe diski ya zamani kwa SSD. Kisha apime upya kwa mita. Huenda kompyuta anayoitafuta dukani tayari anayo mezani kwake.