SOMO: SIKU YA KWENDA KLINIKI HOSPITALI

Andiko: Marko 5:25-34



Wengi wetu hapa Nyarugusu tunapewa rufaa kwenda hospitali za Kasulu au Kigoma, na tunawaona wanavyorudi. Mtu amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, ameonana na daktari dakika chache, na lile jambo lililompeleka hakulisema. Ndiyo sababu tumechagua andiko hili. Yule mama aliugua miaka 12, akamaliza mali yake kwa matabibu, tena kwa ugonjwa wa aibu kuutaja. Lakini alipoulizwa hakuficha kitu. Wala Bwana hakumkemea kwa kuwa alikwenda kwa matabibu. Tunalisema hili wazi, maana wako wanaofundisha kwamba hospitali ni kukosa imani. Luka alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Tuanze na maandalizi. Karatasi ya rufaa na kibali cha kutoka kambini vifuatiliwe mapema. Tazama jina lako: liwe sawa na lilivyo kwenye karatasi ya familia, herufi kwa herufi, maana faili huweza kupotea kwa herufi moja tu. Kadi ikiandikwa 8:00, ni saa 2 asubuhi. Beba dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Ukiambiwa uje bila kula, uliza siku hiyo hiyo kama dawa zako za asubuhi utazimeza au utangoja, hasa za kisukari.

Ukifika utaanzia mapokezi, kisha muuguzi atapima uzito, joto na presha, ndiyo ile tuliyozoea kuiita tansio. Hapo bado hujatibiwa. Daktari naye anaweza kukutuma maabara au eksirei, halafu ni lazima urudi kwake na majibu. Wengine huondoka na majibu mfukoni! Beba chakula na maji. Anayepitishwa mbele yako huenda ni mtu aliyezidiwa (si kila mara, tunajua).

Ndani kwa daktari sema kwanza lile kubwa: linauma wapi, tangu lini, umekwisha kutumia nini, kama una mimba.

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ya wakalimani. Bibi anayejua Kibembe au Kifuliiru peke yake humchukua mjukuu anayesoma shule. Sasa mama anayetokwa damu atasemaje mbele ya mtoto wa miaka 10? Atasema tumbo linauma, na atapewa dawa ya tumbo. Tena wako kati yetu waliobeba majeraha ya vita ambayo hata waume zao hawayajui. Kwa hiyo aende mtu mzima, mwanamke amsindikize mwanamke mwenzake. Mgonjwa ana ruhusa kumwomba daktari kwamba mwingine atoke nje kwanza. Na yule aliyesikia afunge kinywa. Habari ya mgonjwa haitajwi kwenye maombi ya Jumapili bila yeye kukubali, nasi viongozi tushike hilo kwanza.

Kabla ya kuondoka uliza mambo matatu: ugonjwa unaitwaje, dawa zinamezwaje, unarudi lini. Kwenye pakiti ya dawa 1x3 maana yake kidonge kimoja mara tatu kwa siku, si vitatu kwa pamoja. Ukipewa vidonge vya presha au kisukari, usiviache kwa kuwa umejisikia nafuu, wala usimgawie jirani. Kama dawa haipo dirishani, rudi uwaambie hapo hapo, usingoje hadi ufike nyumbani.

Mwenye kliniki juma hili amwambie mzee wa kanisa wa kijiji chake mapema, ili apatikane wa kumsindikiza na wa kubaki na watoto.