Kuchagua Mashine ya Kukatia Nyasi Mahali Penye Mteremko

Mtu asafiriye kutoka Embu kwenda Meru kwa barabara ipitayo Runyenjes, Chuka na Nkubu hupanda na kushuka mara nyingi kabla ya kufika. Mito itokayo Mlima Kenya, kama vile Rupingazi, Thuci, Nithi na Mutonga, imechimba mabonde marefu, na watu wamejenga nyumba, shule, makanisa na viwanda vya kahawa juu ya migongo iliyo kati ya mabonde hayo. Si rahisi kupata huko ekari mbili zilizo sawa kabisa. Lakini nyasi hazichagui mahali. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, huziotesha mtelemkoni kama ziziotavyo uwanjani, na mwenye boma, au kamati ya shule, huona kwamba vijana wawili wenye mafyekeo hawamalizi upande mmoja kabla upande wa pili haujaota tena. Ndipo watu huanza kuzungumza juu ya kununua mashine.

Mashine inayosifiwa sana siku hizi ni ile ambayo mwendeshaji huketi juu yake, na ambayo huweza kugeuka papo hapo iliposimama. Ni mashine nzuri. Hata hivyo yafaa mnunuzi aelewe jinsi ifanyavyo kazi kabla ya kutoa fedha, maana katika nchi ya vilima sifa yake kubwa ndiyo pia hatari yake kubwa.

Mashine hiyo haina usukani. Mwendeshaji huketi kitini, na mbele yake kuna vishikio viwili, kimoja cha mkono wa kulia na kimoja cha mkono wa kushoto. Kila kishikio huamuru gurudumu moja la nyuma, kwa njia ya pampu na mota ya oili iliyo ya gurudumu hilo peke yake. Akivisukuma vyote viwili sawasawa, mashine huenda mbele moja kwa moja. Akivivuta, hurudi nyuma. Akisukuma kimoja na kuvuta cha pili, mashine huzunguka kama mtu ageukaye juu ya kisigino chake. Magurudumu ya mbele yana kazi moja tu, kubeba uzito. Hayaelekezwi na kitu chochote, bali hufuata tu, kama yale ya kitanda cha kusukumia wagonjwa hospitalini. Kampuni moja ya jimbo la Kansas, Marekani, ilianza kuuza mashine za namna hii katika miaka ya 1960, na ajuaye nchi ile ya Kansas, ambayo sehemu kubwa yake ni mbuga tambarare, hatashangaa kwamba ilipata wanunuzi upesi. Huzunguka shina la mti bila kuacha nyasi, na humaliza uwanja wa mpira kwa muda mfupi kuliko mashine yenye usukani.

Sasa itazame mashine hiyo hiyo juu ya mteremko. Magurudumu mawili ya nyuma ndiyo yanayoiendesha, ndiyo yanayoipindisha, na ndiyo yanayoizuia. Kazi tatu zimewekwa juu ya mipira miwili. Mpira mmoja ukiteleza, kazi zote tatu hupungua kwa mara moja. Mashine ikipita kando ya mteremko, uzito huegemea gurudumu la upande wa chini, na lile la upande wa juu huwa jepesi. Hili likianza kuteleza, kichwa cha mashine huvutwa kuelekea bondeni, kwa kuwa magurudumu ya mbele hayana uwezo wa kukataa. Ikishuka moja kwa moja, uzito hukimbilia mbele, kwenye magurudumu yasiyoweza kuizuia, na yale ya nyuma hushika ardhi kwa shida. Tena kumbuka udongo wetu. Kila aliyepata kupanda njia ya shambani mwezi wa Aprili anajua jinsi udongo mwekundu wenye maji unavyoteleza, na nyasi mbichi juu yake huuongezea utelezi.

Kwa sababu hizo watengenezaji wengi huandika katika kitabu cha maelezo kwamba mashine isitumiwe kwenye mteremko unaozidi digrii 15, na wengine huweka mpaka kwenye digrii 10. Lakini ni nani kati yetu awezaye kutazama mteremko kwa macho na kusema ni digrii ngapi? Macho hudanganya sana katika jambo hili. Mtu aliyezaliwa juu ya vilima huita tambarare mahali ambapo mgeni kutoka pwani angeshika mti asianguke.

Basi pima. Chukua ubao ulionyoka wenye urefu wa mita 2, na pimamaji ya fundi mwashi. Ncha moja ya ubao iwekwe chini upande wa juu wa mteremko, na ile ya pili iinuliwe mpaka pimamaji ioneshe kwamba ubao umelala sawasawa. Kisha pima kwa utepe, wima, kutoka ncha iliyoinuliwa hadi ardhini. Ukipata sentimita 17 au 18, mteremko ni digrii 5. Ukipata 35, ni digrii 10. Ukipata 54, ni digrii 15. Asiye na pimamaji aweza kutumia chupa nyeupe iliyonyoka, yenye maji nusu na kifuniko, akailaza juu ya ubao. Maji yakienda sambamba na ubavu wa chupa, ubao uko sawa. Pima mahali pengi, hasa pale panapokutisha, na upigilie vigingi palipozidi kipimo. Usitafute wastani wa shamba zima. Mashine haipinduki mahali pa wastani.

Hapa kuna kosa moja linalofanywa na wanunuzi na wauzaji pia. Mteremko huweza kutajwa kwa digrii au kwa asilimia, na hesabu hizi mbili si sawa. Asilimia 15 maana yake ardhi inashuka sentimita 15 kwa kila mita moja, yaani sentimita 30 chini ya ubao wetu, na hiyo haifiki hata digrii 9. Kwa upande mwingine, Kanuni za Matumizi ya Ardhi za mwaka 1965, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kilimo ya Kenya, zilihesabu kwa asilimia zilipokataza kulima ardhi yenye mteremko unaozidi 35. Mteremko wa asilimia 35 ni sentimita 70 chini ya ubao, nao ni digrii 19 na zaidi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba mashine yake hupanda "kumi na tano", mwulize kumi na tano za nini, kisha utafute neno hilo katika kitabu chenyewe.

Ukiwa na vipimo vyako, shauri huwa jepesi. Mahali ambapo ardhi haishuki zaidi ya sentimita 17 chini ya ubao, na pakiwa na ekari mbili au zaidi za nyasi zisizo na mawe wala visiki, mashine ya kuketi itafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Kati ya sentimita 17 na 35 yaweza kutumika, lakini nyasi ziwe kavu, mwendo uwe wa polepole, na mwendeshaji awe mtu aliyefundishwa. Kutoka 35 hadi 54 vitabu vingine bado vitakuruhusu. Mimi nasema iache sehemu hiyo, maana mpaka wa kitabu ni mwisho wa uwezo wa mashine, na mvua ya saa moja yaweza kukuvusha upande wa pili. Kupita 54 pasiwe na majadiliano hata kidogo.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa uzito na kamati za shule na za makanisa zaidi ya watu wengine. Kamati ndiyo inunuayo, lakini kijana wa kazi ndiye aketiye juu ya kiti. Huyo hakuulizwa mashine gani inunuliwe, na akiambiwa akate ukingo wa uwanja hadi kwenye mfereji atakata, kwa sababu anataka kazi yake. Mashine hizi zina uzito wa kutosha kumwua mtu aliye chini yake. Basi inunuliwe ile tu yenye upinde wa chuma nyuma ya kiti, na upinde huo ukiwa umesimama mwendeshaji afunge mkanda. Ukiwa umelazwa chini, ili kupita chini ya matawi kwa mfano, asifunge mkanda, kwa kuwa hapo mkanda ungemfunga pamoja na mashine ikipinduka. Akae mbali na ukingo wa tuta, mfereji au bwawa kwa nafasi ya upana wa mashine mara mbili. Na asipakie mtoto kamwe, hata kwa mchezo.

Lakini mashamba mengi ya Meru na Embu ni madogo, yenye matuta membamba, na mashine yenye kisu cha futi tatu na nusu hadi tano haipati hata mahali pa kugeukia. Kwa mwenye nyasi nusu ekari kuzunguka nyumba, ile ya kusukuma kwa mikono, yenye injini ndogo, yatosha. Hiyo isukumwe kando ya mteremko, si kupanda na kushuka. Akipanda na kushuka, mguu ukiteleza huweza kuingia chini ya kisu, au mashine ikamrudia mwenyewe. Tena injini nyingi za mashine hizo huwa na oili chini, katika bakuli lake, na zikiinamishwa sana oili hukimbilia upande mmoja na kuacha vyuma vikisagana vikavu. Kitabu kitataja mpaka wa jambo hilo pia.

Mahali pa mwinamo mkali, mashine iliyo bora ni ile ya kufyekea inayoning'inizwa begani kwa mkanda. Mtu husimama kwa miguu yake, na akiteleza huanguka mtu tu, si kilo mia tatu za chuma. Bei ya mashine moja ya kuketi yatosha kununua kadhaa za namna hii. Nyingi huhitaji petroli iliyochanganywa na oili yake maalumu. Ikiwa kitabu chasema 1 kwa 50, basi kila lita 5 za petroli zitiwe mililita 100 za oili, na mchanganyiko ufanywe katika kopo safi, si ndani ya tangi la mashine. Petroli tupu huiharibu injini hiyo mara moja. Kisu chake hurusha mawe kama kombeo, kwa hiyo mfanyakazi avae miwani ya kinga, viatu vigumu na suruali ndefu, na watu wengine, pamoja na mbuzi, wakae mita 15 mbali naye.

Kuna pia sehemu ambayo haihitaji mashine yoyote. Kingo za matuta, ambayo mengi katika Embu na wilaya za jirani yalichimbwa kwa kazi ya kulazimishwa miaka ya 1950, hushikwa na mizizi. Ukizinyoa kama uwanja wa mpira unaualika udongo uondoke. Panda nepia pale, uikate kwa panga au mundu kila baada ya wiki sita hadi nane, ukiacha shina la sentimita 10, na ng'ombe atakulipa kwa maziwa. Sioni mashine inayoweza kushindana na hesabu hiyo.

Jambo jingine lisilotajwa dukani ni urefu wa nchi. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya petroli ya kawaida hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Mji wa Embu uko juu ya mita 1,300, Meru juu zaidi, na sehemu za majani chai juu kupita miji yote miwili. Kwa hiyo injini iliyofanya kazi bila shida Mombasa itachoka hapa, hasa ikipanda mlima na kukata nyasi nene kwa wakati mmoja. Nunua yenye nguvu kidogo kupita ile uliyodhani yatosha, na umwombe fundi airekebishe kabureta kwa hewa ya mahali pako. Uliza pia kama visu, mikanda na vichujio vya oili vinapatikana katika mji ulio karibu, au ni lazima viagizwe Nairobi kila mara.

Mwisho, usilipe kabla mashine haijajaribiwa kwenye ardhi yako, siku kavu, visu vikiwa vimezimwa. Jaribio la kwanza lianzie chini ya mteremko, mashine ikipanda kwa kurudi nyuma. Ikishindwa kuupanda hivyo, au mwendeshaji akihisi woga juu ya kiti, mteremko huo upigiliwe vigingi na uachiwe fyekeo.