Kazi na Kicheko

Ndugu msomaji, soma kwa sauti maneno ya watu hawa wawili.

Wa kwanza anasema: "Kesho ni zamu ya shamba la mzee. Asiyefika atatozwa faini."

Wa pili anasema: "Kesho tunakwenda kwa mzee. Mtani wangu ajitayarishe, nimemwekea maneno!"

Shamba ni lile lile. Jua ni lile lile, na jembe halikupungua uzito. Lakini wewe mwenyewe unajua ni yupi kati yao atakayefuatwa na watu wengi asubuhi. Katika somo hili tutazungumza juu ya furaha katika kazi na nyumbani. Tutaangalia inatoka wapi, inasaidia nini, na mipaka yake iko wapi.

Kundi la watu 12

Tuseme wako wakulima 12 hapa Mabwerebwere. Walisoma pamoja katika darasa la kisomo. Sasa wamekubaliana kusaidiana wakati wa palizi. Kila mmoja ana ekari moja ya mahindi. Leo wote wanakwenda kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka zamu imalizike.

Siku za kwanza walifika wote 12. Baadaye walifika 9. Halafu wakafika 7. Katibu alisimama na daftari kila asubuhi, akaita majina, akaandika faini. Aliyechelewa alisemwa mbele ya wenzake. Watu walilima kimya, kila mtu akitazama mstari wake, na jua lilipopanda waliondoka mmoja mmoja. Faini zilijaa daftari, lakini watu hawakuongezeka.

Katika kundi hilo yuko mama mmoja mjane. Zamu yake ni ya 11. Kila jioni anapita shambani kwake na kuona magugu yamepanda. Mahindi yake yameanza kuwa ya manjano. Ana watoto wanne, na hana chakula kingine cha kutegemea. Kundi likivunjika kabla ya zamu yake, yeye atakuwa amewalimia wenzake bure.

Tumwache mama huyu kidogo. Kwanza tutazame jinsi watu wa zamani walivyozifanya kazi ngumu.

Wimbo ni chombo cha kazi

Sikiliza wanawake wakitwanga. Wawili au watatu wamezunguka kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Mchi mmoja ukishuka, mwingine uko juu. Wakikosea, michi itagongana na mkono utaumia. Wimbo ndio unaomwambia kila mmoja kwamba zamu yake imefika. Hakuna anayesema, "Sasa wewe!" Wimbo umekwisha kusema.

Shambani ni hivyo hivyo. Mwimbishaji anatoa maneno, wengine wanaitikia. Majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Mwenye nguvu hakimbii mbele akawaacha wenzake, na aliyechoka anavutwa na sauti za wengine. Anayengoja kuitikia anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Watu wa pwani wamezipa nyimbo hizi majina yake. Nyimbo za wakulima huitwa wawe, na nyimbo za mabaharia huitwa kimai.

Hata bonde letu la mto Mkondoa limesikia nyimbo za namna hii. Kabla ya reli kujengwa, misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora, na mingine ilipita katika bonde hili. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita huku alipokuwa akimtafuta David Livingstone. Wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, kwa miguu, kwa miezi. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na nyuma yake zilifuata ngoma na nyimbo. Mzigo ulikuwa mzito, ndiyo maana waliimba. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ile ilihamia kwenye mabehewa.

Wasukuma nao waliifanya kazi ya jembe kuwa mchezo na mashindano. Wana vikundi viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vilianza katika karne ya 19, na hushindana baada ya mavuno. Moja ya ngoma zao ni bugobogobo. Wachezaji hushika majembe, huyarusha juu na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma. Watu wengi wa siku hizi wameiona katika sherehe tu. Lakini asili yake ni shambani: ngoma inapigwa, na kundi zima linalima kwa mapigo yake. Wako Wasukuma wanaoishi huku kwetu Kilosa. Ukimwona mmoja wao, mwulize. Atakueleza vizuri kuliko kitabu hiki.

Mtani anaruhusiwa

Basi, si kila mtu ni mwimbaji. Mwandishi wa somo hili akiimba, ndege huhama shamba. Lakini kiko chombo kingine ambacho hakihitaji sauti nzuri, nacho ni utani.

Wagogo hutaniana na Wahehe. Wazaramo hutaniana na Wanyamwezi. Wachaga hutaniana na Wapare. Utani mwingine ulianza baada ya vita vya zamani kwisha, na mwingine ulitokana na safari na biashara. Tena uko utani wa ndani ya ukoo: mjukuu humtania babu na bibi yake, na mtu humtania shemeji yake. Hapa Kilosa mtu hakosi mtani. Wenyeji ni Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalileta watu wa mikoa mingi.

Mahali ambapo mtani hufanya kazi kubwa kuliko pote ni msibani. Anafika amevaa kofia ya marehemu. Anaiga mwendo wake na sauti yake. Anasema, "Huyu amekufa ili asinilipe kuku wangu!" Wafiwa wanalia, halafu wanacheka huku machozi yakiwatoka, halafu wanakunywa uji waliokuwa wameukataa tangu jana. Ukienda makaburini unamkuta mtani huyo huyo ndani ya shimo, ameshika sepetu. Anacheka na anachimba. Hawaiti hayo mawili mambo tofauti.

Utani una faida nyingine ambayo ni muhimu kwa kazi. Mtani anaweza kusema neno ambalo mwenyekiti akilisema litaleta ugomvi. Mwenyekiti akisema, "Wewe ni mvivu," mtu anakasirika. Mtani akisema hivyo, yule anayeambiwa anatafuta jibu kali zaidi, watu wanacheka, na kesho anafika mapema ili asichekwe tena.

Sasa turudi kwa mama yetu mjane.

Katika wale walioacha kufika alikuwamo mzee mmoja, mtani wake. Jioni moja mama alijifunga kanga kama mfiwa, akachukua jembe lake, akaenda mpaka mlangoni kwa mzee, akaanza kulia kwa sauti:

"Jamani ee! Mtani wangu amekufa! Wiki mbili hatujamwona! Nimekuja kurithi jembe lake!"

Majirani walitoka. Mzee naye alitoka, akichechemea.

"Shika adabu yako, mtani! Sijafa. Na hata nikifa, jembe langu halirithiwi na mtu asiyejua kulima."

"Kama hujafa, mbona unanuka kaburi?"

Watu walicheka sana. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Alipokaa, mama aliona mguu wake. Ulikuwa na kidonda kikubwa, kimefungwa kitambaa. Ndipo mzee aliposema jambo ambalo hakumwambia katibu. Alisimama shambani kwa maumivu siku tatu. Siku ya nne alichelewa, akaitwa mvivu mbele ya vijana. Akaona afadhali akae nyumbani.

Ndugu msomaji, angalia jambo hili vizuri. Daftari la faini halikukiona kidonda. Mzaha ulikiona.

Kesho yake mama alimsindikiza mzee zahanati. Halafu kundi likakaa chini ya mwembe, wakazungumza. Zamu ya mama ilisogezwa mbele, kwa sababu shamba lake lilikuwa na hali mbaya kuliko yote. Mzee alipewa kazi ya kukaa kivulini, kutengeneza mipini, kunoa majembe na kuongoza nyimbo. Katibu alibaki katibu, na aliendelea kuandika, maana hesabu ni lazima. Lakini faini ilibadilishwa: aliyechelewa aliwachotea wenzake maji ya kunywa, na wakati akichota, watani wake walikuwa na ruhusa ya kusema.

Walirudi watu 10. Wawili hawakurudi. Robo ya mahindi ya mama ilikuwa imekwisha kusongwa na magugu, na hiyo haikupona. Robo tatu alizivuna.

Mipaka yake

Sasa tuseme na upande mwingine, kwa sababu wako watu wanaoharibu.

Utani una wenyewe. Ukimtania mtu ambaye si mtani wako, unaweza kuwa umemtukana. Hata kwa mtani, yako mambo yasiyofanyiwa mzaha, kama vile ulemavu, ugonjwa, na mwanamke kukosa mtoto. Ukiona mwenzako amenyamaza na wewe peke yako ndiye unayecheka, acha. Tena, mkubwa wa kazi anayewatania walio chini yake, nao hawathubutu kumjibu, hafanyi utani. Utani hujibiwa.

Pombe nayo husemwa kuwa ndiyo furaha ya kazi. Kumwandalia mtu aliyekulimia si vibaya. Lakini ukitumia debe mbili za mahindi kupikia pombe ya siku moja, umekwisha kula sehemu ya shamba kabla halijazaa. Uji, viazi na maji safi huwaweka watu shambani mpaka saa sita. Pombe ya asubuhi huwaondoa saa tatu.

Na wimbo haulipi deni. Yuko msimamizi anayewaambia vibarua, "Changamkeni, kazi ni furaha!" na fedha zao za mwezi uliopita bado anazo mfukoni. Watu hao hawana kasoro ya moyo. Wanadai haki yao. Alipe kwanza, halafu atasikia nyimbo.

Vile vile, yuko mtu ambaye kicheko kimemwondoka kabisa. Wiki zinapita, halali, hali, hataki kusema na mtu. Huyo usimwambie, "Jikaze, cheka." Kaa naye, na umpeleke zahanati kama ulivyompeleka mwenye homa.

Nyumbani

Nyumbani sina maneno mengi. Mtu akirudi na jembe begani, ajue kwamba watoto wanamsikiliza hatua zake. Wanajua kwa jinsi anavyoweka jembe ukutani kama jioni itakuwa nzuri au mbaya. Baada ya chakula, tega kitendawili kimoja. "Kitendawili!" Watasema, "Tega!" Hakina gharama. Kama umekwisha kujua kusoma, wasomee ukurasa mmoja, na wakikucheka unapokwama, cheka nao. Mtoto aliyemwona baba yake anakwama kwenye neno, akarudia, akalipata, naye hataogopa kukwama shuleni.

Elimu ya watu wazima yenyewe ilifuata njia hii. Mwaka 1971 Tanzania Bara ilitimiza miaka 10 ya uhuru, na vikundi vya kusikiliza redio vilisoma masomo yaliyoitwa Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Walikaa pamoja, wakasikiliza redio, wakasoma, wakabishana, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna mtu anayependa kuchimba choo peke yake. Waulize wazee waliokuwapo jinsi walivyotaniana mashimoni.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mzee hakumwambia katibu juu ya kidonda chake? Katibu angeweza kufanya nini?

2. Tuseme kila robo ekari ya mama ingetoa magunia 2 ya mahindi. Alivuna magunia mangapi? Alipoteza mangapi?

3. Watu wawili hawakurudi katika kundi. Je, walime shamba lao peke yao, au kundi liwaendee tena? Wengine watasema hivi na wengine vile. Kila mtu atoe sababu zake.

4. Mtani wako ni nani hapa kijijini? Andika jambo moja ambalo yeye anaweza kukuambia bila wewe kukasirika, lakini mwingine hawezi.

5. Ni kazi gani ya nyumbani kwako ambayo huifanya umenuna? Nani anaifanya pamoja nawe?

6. Tafuta bibi au babu anayejua wimbo wa kazi wa hapa Kilosa, wa kutwanga, wa kulima au wa kuvuna. Andika maneno yake katika daftari lako, hata kama ni ya Kikaguru, Kisagara au Kividunda. Ulete darasani siku ya Jumatano, tuuimbe.