Nyundo ya Mpira na Neva Iliyobanwa Shingoni

Maumivu yanapoanzia shingoni yakashuka begani hadi vidoleni, pamoja na ganzi, wengi husema mshipa umebanwa na moja kwa moja hutaka picha ya MRI. Msimamo wa kijitabu hiki ni kwamba nyundo ndogo ya mpira itangulie. Picha huonyesha umbo la mifupa na diski, haionyeshi kama neva inafanya kazi. Mwaka 1990, Boden na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya MRI za shingo za watu 63 wasio na dalili yoyote: kasoro zilionekana kwa 14% ya wenye umri chini ya miaka 40, na 28% ya waliozidi umri huo. Kwa hiyo diski iliyotokeza inaweza kulaumiwa bure, kumbe mkono unauma kwa sababu ya bega.

Nyundo hupima kazi yenyewe. Kano ikigongwa, msuli huvutika ghafla; taarifa hupanda kwenye neva hadi ugwe wa mgongo, na amri ya kujikunja hurudi msulini bila kusubiri ubongo. Mzizi wa neva ukibanwa, mwitikio hufifia au hupotea. Daktari huushika mkono wa mgonjwa ukiwa umelegea, huweka kidole gumba chake juu ya kano iliyo mbele ya kiwiko, kisha hugonga kidole hicho. Hapo anapima hasa mizizi ya tano na ya sita ya neva za shingo. Akigonga upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo cha mkono, anapima zaidi wa sita. Nyuma ya kiwiko ni wa saba, ambao ndio hubanwa mara nyingi zaidi, kwa kawaida kati ya pingili ya sita na ya saba, na ganzi yake hupenda kidole cha kati. Cha muhimu ni kulinganisha kulia na kushoto. Mwitikio hafifu pande zote mbili hauna uzito mkubwa, maana uzee na kisukari huupunguza, na wapo watu wenye afya ambao wako hivyo siku zote. Mgonjwa akiambiwa aume meno wakati wa kugongwa asishangae: kukaza misuli mingine huuamsha mwitikio uliojificha.

Wapo wanaosema kipimo hiki hukosa wagonjwa wengi, na ni kweli. Utafiti wa Wainner na wenzake wa mwaka 2003, uliotumia vipimo vya umeme wa neva kama kigezo, ulikuta mwitikio wa mbele ya kiwiko umebadilika kwa takriban robo tu ya wenye tatizo; lakini takriban 95 kati ya kila 100 wasio na tatizo walikuwa nao wa kawaida. Mzizi wa nane, ule wa ganzi ya kidole kidogo, hauna hata mwitikio wa kutegemewa. Basi mwitikio wa kawaida haumwondolei mtu shaka, ila uliopotea upande mmoja, ukiendana na ganzi na udhaifu wa mzizi uleule, una uzito. Tena si rahisi kuuigiza, tofauti na kupima nguvu, ambako maumivu peke yake humfanya mtu alegeze mkono. Mzizi ukishatambulika hivyo, wagonjwa wengi hupata nafuu bila upasuaji, kwa wiki au miezi kadhaa. Picha ina nafasi yake udhaifu unapoongezeka au maumivu yasipopungua.

Kuna tokeo moja lisilosubiri. Daktari akigonga karibu na kifundo cha mkono, kiwiko kisikunjike ila vidole ndivyo vijikunje, au miitikio ya miguu ikiwa mikali kupita kiasi, huenda kilichobanwa ni ugwe wenyewe. Mgonjwa wa namna hii, hasa akiyumba anapotembea, akishindwa kufunga vifungo vya shati au kuuzuia mkojo, apelekwe haraka hospitali yenye MRI na daktari wa upasuaji wa mgongo, hata kama shingo haimuumi.