Umechoka na Kazi au Kazi Imekuchosha? Vihusishi vya Hisia katika Kiingereza

Mpwa wangu alishinda wima dukani kutwa nzima, na jioni akashindwa kuhudhuria kikao. Akamwandikia msimamizi wake ujumbe mfupi kwa Kiingereza: “Sorry, I am tired of work.” Alitaka kusema kwamba kazi za siku ile zimemchosha. Msimamizi alielewa kwamba kijana ameichoka kazi yenyewe, haitaki tena. Asubuhi akaitwa kujieleza, na jioni alikuja kwangu ameshika simu: “Mjomba, nimekosea wapi?”

Alikosea neno moja dogo, “of” badala ya “from”. Kwetu “nimechoka na kazi” hubeba maana zote mbili, na anayekujua huelewa kwa sauti yako tu. Kiingereza huzitenga. “Tired from” ni uchovu wa mwili, ukilala unakwisha. “Tired of” ni kukinai. Aliyetoka safari ndefu ni “tired from the journey”. Aliyesubiri majibu mpaka akachoka ni “tired of waiting”.

Makosa ya namna hii huwapata hata watu waliosoma sana, na chanzo chake ni uzuri wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina vihusishi vichache kwa sababu kazi yao hufanywa na kitenzi. Kukasirika kukiingia kauli ya kutendea kunakuwa kukasirikia, na hapo hapo mlengwa ameshapatikana: namkasirikia. Vivyo hivyo namwonea huruma, namwonea wivu, najivunia. Kuogopa hata kauli hiyo hakuihitaji, namwogopa, basi. Kiingereza kwa kawaida hueleza hisia hizi kwa kivumishi, na kivumishi hakiwezi kumfikia mtu bila kushikwa mkono na kihusishi. Mwanafunzi akifika hapo hana cha kutafsiri, kwa hiyo huokota kilicho karibu, yaani “with” kwa sababu tuna “na”. Ndipo tunaposikia “afraid with dogs” na “interested with the job”.

Kabla ya kuokota, jiulize hisia yako inaelekea wapi. Hasira ni mfano mzuri. Kwa mtu tumia “with”, kwa jambo tumia “about”, na vyote viwili huweza kukaa pamoja: “She is angry with her brother about the money.” Utasikia pia “angry at”, hasa kwa Wamarekani. Si kosa.

Furaha inahitaji uangalifu zaidi. Rafiki yako amepata kazi, nawe unataka kumpongeza. Andika “I am happy for you”, yaani nafurahi kwa ajili yako. Ukiandika “I am happy with you”, umemwambia kwamba umeridhika naye, kama bosi anavyomwambia mfanyakazi. Habari zenyewe ni “happy about the news”.

Hofu nayo ina njia mbili ambazo Kiswahili huzitenga kwa vitenzi tofauti. Mama anayesema “I am afraid of my son” anamwogopa mwanawe, labda kijana humpiga. Mama anayesema “I am afraid for my son” anamhofia asije akapatwa na baya. Daktari au ofisa wa ustawi wa jamii akisikia kimoja badala ya kingine, maswali yatakayofuata yatakuwa tofauti kabisa. Tofautisha pia “frightened by” na “frightened of”. Ile “by” ni “na” yetu ya kauli ya kutendwa: mtoto alitishwa na mbwa jana, “frightened by a dog”. Kama huwaogopa mbwa siku zote, ni “frightened of dogs”.

Halafu kuna pole. Neno letu hili moja humfaa mfiwa, mgonjwa, aliyejikwaa na hata aliyetoka kazini, na Kiingereza hakina neno linalolifikia. Ukimwambia “sorry” Mwingereza aliyejikwaa, anaweza kudhani unakiri kwamba umemsukuma. Kwa mfiwa, msemo uliokubalika ni “I am sorry for your loss”, au “I was sorry to hear about your mother”. Epuka “I feel sorry for you”. Maana yake ni nakuhurumia, na mfiwa anaweza kuisikia kama unamtazama kutoka juu. Kuomba radhi ni “sorry for being late”, au “sorry about the noise”.

Vivumishi vingine havina hesabu ya kupiga, ni vya kukariri kwa jozi. “Proud”, “ashamed”, “jealous” na “fond” vyote hufuatwa na “of”. “Worried” na “excited” huchukua “about”, “interested” huchukua “in”.

Baada ya kihusishi, kitenzi huchukua umbo la “-ing”. Sisi husema naogopa kuanguka, wao husema “afraid of falling”. “Afraid to” ipo pia, ila ni ya jambo unalosita kulifanya mwenyewe: “She is afraid to go out at night.” Na katika swali kihusishi hakitupwi, hubaki mwishoni: “What are you afraid of?”

Ukiwa na shaka, fungua kamusi ya wanaojifunza lugha. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza nchini Japani, na kamusi aliyoiandaa huko na wenzake ilichapwa mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa upya mwaka 1948. Iliwalenga wageni wa lugha, ndiyo maana inaonyesha neno linavyotumika katika sentensi pamoja na maana yake. Tafuta kivumishi, utazame kinachofuatana nacho, kisha utunge sentensi ya maisha yako mwenyewe uiandike daftarini. Mpwa wangu ameanza na mbili, na zote ni za kweli: “I was tired from standing all day. I am not tired of my job.”